Tughlaq jukwaani: sultani mwenye ndoto njema na mkono wa damu

Mwaka 1331, msafiri wa Tangier aitwaye Ibn Battuta alipita katika mwambao wetu. Alitia nanga Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akateremka hadi Kilwa. Huko alikutana na Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Sehemu hiyo ya safari wengi wetu tunaijua tangu shule. Kinachosahauliwa ni kwamba miaka mitatu baadaye mtu huyohuyo alikuwa Delhi, katika baraza la sultani mwengine mkarimu, naye akateuliwa kadhi. Sultani huyo ni Muhammad bin Tughluq, na juu yake imeandikwa tamthilia ambayo kwa miaka zaidi ya 50 haijapoa.

Tamthilia hiyo yaitwa *Tughlaq*. Ameiandika Girish Karnad wa India, na ni kazi ya kutazamwa na kila anayependa tamthilia za kihistoria, walimu wa michezo ya kuigiza mashuleni, na vikundi vya vijana vinavyotafuta kazi nzito ya kupandisha jukwaani. Makala haya yaeleza sultani mwenyewe alikuwa nani, mwandishi alimfanyaje, mchezo wenyewe wasimulia nini, umeonyeshwa vipi, na yapi yampasa mwelekezi ayapime kabla ya kuugusa, hasa mbele ya hadhira ya Waislamu kama yetu.

Sultani wa kweli

Muhammad bin Tughluq alitawala dola ya Delhi kutoka 1325 hadi alipofariki 1351, karibu na Thatta katika nchi ya Sindh. Alishika ufalme baada ya baba yake, Ghiyath al-Din Tughluq, kuangukiwa na banda la mbao lililojengwa kumpokea aliporudi kutoka vitani. Tangu siku hiyo pakawa na mnong'ono kuwa mwana alikuwa na mkono katika ajali ile. Wanahistoria hawakubaliani juu ya jambo hilo mpaka leo.

Alikuwa msomi. Alijua falsafa, mantiki, tiba na hisabati, alikuwa na hati nzuri ya mkono, na alipenda kujadiliana na wanavyuoni. Alitaka kutawala kwa akili, sio kwa mazoea ya waliomtangulia. Tatizo ni kwamba kila fikra yake ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa serikali yake kuitekeleza, na kila iliposhindwa, hasira yake iliwaangukia raia.

Mambo mawili ndiyo yaliyomtia jina katika vitabu. La kwanza ni kuhamisha makao makuu. Kiasi cha mwaka 1327 aliamua mji mkuu uwe Daulatabad, katika nyanda za Deccan, zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwa Delhi. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya safari ya Mombasa hadi Nairobi, na kwa miguu na mikokoteni ya ng'ombe. Hoja zake hazikuwa za kijinga: Delhi ilikuwa karibu na mpaka wa kaskazini walikokuwa wakivamia Wamongoli, na Deccan ilikuwa nchi mpya iliyohitaji kushikwa kwa karibu. Lakini watu wenye nyumba zao, biashara zao na makaburi ya wazee wao hawang'olewi kama mche wa mnazi. Wengi walihamishwa kwa lazima, wengi walitaabika njiani, na baada ya miaka michache waliruhusiwa kurejea.

La pili ni sarafu. Kiasi cha mwaka 1330, sultani alitoa sarafu za shaba akaamrisha zipokelewe kwa thamani ileile ya tanka ya fedha. Fikra yenyewe haikuwa ya ajabu, kwani Uchina ilikuwa tayari inatumia pesa za karatasi. Leo sisi sote twabeba noti ambazo karatasi yake haina thamani yoyote. Lakini serikali ya Delhi haikuwa na njia ya kuzuia watu wasigushi. Mafundi wakawa wanazitengeneza majumbani, kodi ikalipwa kwa sarafu bandia, na wafanyabiashara wa nje wakazikataa. Sultani akalazimika kuziondoa, na hazina ikazibadilisha kwa fedha halisi. Zikabaki chungu nzima za shaba zisizofaa kitu.

Kwa ukali wake tuna shahidi tunayemjua. Ibn Battuta alisimulia habari za bwana huyu kama mtu aliyependa sana mambo mawili: kutoa zawadi na kumwaga damu. Mlangoni kwake, asema, hakukosekani maskini anayetajirishwa wala mtu anayeuawa. Ibn Battuta mwenyewe aliyaonja yote mawili. Alipewa cheo na mshahara mkubwa. Kisha, kwa kosa la kumzuru sheikh mmoja aliyekuwa amemkasirisha sultani, aliwekewa walinzi, akakaa siku kadhaa akifunga na kusoma Qur'ani akingoja kufa. Sheikh yule aliuawa. Msafiri wetu aliokoka.

Mwandishi na wakati wake

Girish Karnad alizaliwa 1938 na kufariki 2019. Lugha aliyoandikia ni Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka kusini mwa India. Alisoma Oxford, Uingereza, kwa ufadhili wa Rhodes, na tamthilia yake ya kwanza, *Yayati*, ilitoka 1961. *Tughlaq* ilitoka 1964, yeye akiwa kijana wa miaka 26. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Jnanpith, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za fasihi nchini India.

Mwaka wa 1964 una maana yake. Ndio mwaka aliofariki Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India huru. Kizazi cha Karnad kilikua kikiamini kuwa uhuru utaleta nchi ya haki, yenye dini nyingi na taifa moja. Kufikia miaka ya 60 matumaini hayo yalikuwa yamechakaa. Watazamaji walipomwona sultani wa karne ya 14 akitangaza usawa wa Waislamu na Wahindu, kisha kila mpango wake ukigeuka kuwa msiba, hawakuhitaji kuambiwa anazungumziwa nani.

Hapo ndipo penye hekima ya mtindo huu. Mwandishi hakumtaja kiongozi yeyote wa siku zake. Alikwenda nyuma miaka 600 akachukua mtu aliyekufa zamani, na walio hai wakajitambua wenyewe. Sisi wa Kiswahili tunaijua njia hii. Ebrahim Hussein aliifuata mwaka 1969 alipoandika *Kinjeketile* juu ya Vita vya Maji Maji, akionya kwamba Kinjeketile wa jukwaani si lazima awe yuleyule wa historia. Nyerere naye, alipomfasiri Shakespeare katika *Juliasi Kaizari*, aliwapa wasomaji wa nchi changa kisa kizee cha watu wanaomuua mtawala kwa kuhofia atakachokuwa.

Kisa kwa ufupi

Mchezo una maonyesho 13 na unaanza mwaka 1327, nje ya mahakama kuu ya Delhi. Watu wamekusanyika kusikiliza kesi ya ajabu: Mbrahmani mmoja amemshtaki sultani kuwa maafisa wake wamempokonya shamba. Sultani anatoka nje akitangaza kwa furaha kuwa ameshindwa kesi. Mlalamishi atalipwa dinari 500 na kupewa kazi serikalini. Papo hapo sultani anatangaza kuwa mji mkuu unahamia Daulatabad, mji wenye Wahindu wengi, ili uwe alama ya umoja wa dini mbili.

Watu wakishaondoka, twapata habari ya kweli. Yule Mbrahmani si Mbrahmani. Ni Aziz, dobi Mwislamu, aliyesikia kuwa sultani anataka kuonekana mwadilifu kwa Wahindu, akanunua hati za shamba lililokwisha chukuliwa na serikali, akabadili jina na kwenda mahakamani. Tangu onyesho la kwanza, basi, haki ya sultani imekwisha geuzwa mtaji wa tapeli.

Kutoka hapo visa viwili vyaenda sambamba. Juu, katika kasri, sultani acheza sataranji, azungumza na mama yake wa kambo, na Barani mwanahistoria, na Najib mshauri wake mwenye moyo baridi. Anamtumia Sheikh Imam-ud-din, mwanachuoni anayemkosoa hadharani na aliyefanana naye sura, kama mjumbe kwa gavana aliyeasi. Sheikh anauawa akiwa amevaa mavazi ya sultani, kama ilivyokusudiwa. Maamiri wanapanga kumuua sultani wakati wa sala. Njama yavuja, na sultani anamchoma kisu kiongozi wao kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo amri ya kuhama yageuka kutoka mwito na kuwa adhabu: hakuna atakayebaki Delhi, hata mmoja. Na sala ya jamaa, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifanya ya lazima, yapigwa marufuku.

Chini, njiani na mitaani, Aziz na rafikiye Aazam, mwizi, wanapanda ngazi kila serikali inapoanguka. Watu wanapohamishwa, Aziz ni afisa anayetoza hongo, hata kwa mama mwenye mtoto mgonjwa anayeomba ruhusa ampeleke kwa tabibu. Sarafu za shaba zinapotoka, yeye azigushi. Sultani anapomwalika mtu wa ukoo wa makhalifa wa Bani Abbas aje kuubariki utawala wake na kuirudisha sala, Aziz amuua mgeni huyo, avaa nguo zake na kuingia Daulatabad akipokewa kwa shangwe.

Mwishoni hila yafichuka. Wakati huo Najib amekufa kwa sumu. Mama wa kambo, aliyemlisha sumu hiyo kwa kudhani anamwokoa mwanawe na mshauri mbaya, amehukumiwa na sultani kupigwa mawe hadi afe. Aazam ameuawa akijaribu kutoroka. Barani anaomba ruhusa ya kwenda zake. Aliyebaki na sultani ni dobi. Na sultani, akisikiliza maelezo yake, aona kuwa huyu ndiye raia pekee aliyeielewa kila siasa yake na kuifuata mpaka mwisho. Hamuui. Ampa cheo cha uafisa katika Deccan. Kisha adhana ya ile sala iliyokuwa imekatazwa yasikika, na sultani, aliyekuwa hapati usingizi miaka, alala palepale kitini.

Palipo na uzito

Wanafunzi wetu wamezoea tamthilia zenye mtawala mbaya tangu ukurasa wa kwanza. Majoka wa *Kigogo* ya Pauline Kea ni mfano ambao watahiniwa wengi wa shule za upili nchini waliusoma. Mtawala wa namna hiyo humpa mtazamaji raha ya kumchukia bila wasiwasi. Tughlaq hampi mtazamaji raha hiyo. Anasema mambo ambayo sisi wenyewe tungetamani mtawala ayaseme: kwamba sheria imfunge hata sultani, kwamba dini ya raia isiwe sababu ya kumdhulumu, kwamba serikali itumie elimu.

Kwetu husemwa, nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Mchezo huu waulizia nusu ya kwanza ya methali hiyo. Je, nia njema ya mtu asiyewasikiliza wagonjwa wake yatosha kumfanya tabibu? Sultani yuataka watu wake wawe bora, lakini hana subira nao kama walivyo. Mtu asipoifuata ndoto, basi mtu ndiye mwenye kasoro, si ndoto. Kutoka hapo hadi kwenye upanga ni hatua moja, naye aipiga hatua hiyo huku akijiona mwadilifu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa pwani, waliozoea kuona miradi mikubwa ikitangazwa kwa mbwembwe, watalifahamu upesi. Kila amri njema isiyo na mlinzi huwa ni chumo la mjanja. Aziz hahitaji kumpinga sultani. Amngojea tu atoe tangazo lengine. Fidia ya ardhi, uhamisho, pesa mpya, baraka za dini: kila kimoja chafunguliwa na mwenye nia njema na kuvunwa na mwenye nia yake.

Ulivyopandishwa jukwaani

Mchezo ulianza kuonyeshwa kwa Kikannada katikati ya miaka ya 60. B. V. Karanth aliufasiri kwa Kihindustani, na mwaka 1966 Shule ya Taifa ya Maigizo ya Delhi ikauonyesha chini ya uelekezi wa Om Shivpuri. Mwaka 1970 Alyque Padamsee aliuelekeza kwa Kiingereza mjini Bombay, Kabir Bedi akiwa sultani. Ni kwa ajili ya onyesho hilo Karnad alitoa tafsiri yake.

Onyesho linalokumbukwa kuliko yote ni la Ebrahim Alkazi, mwanzoni mwa miaka ya 70. Alkazi alizaliwa Pune kwa baba mfanyabiashara Mwarabu na mama wa Kuwait, akasomea uigizaji London, akaiongoza Shule ya Taifa ya Maigizo kwa miaka 15. Badala ya kujenga kasri la mbao ndani ya ukumbi, aliupeleka mchezo Purana Qila, ngome kongwe ya Delhi, na kuuchezea kati ya kuta zake halisi, usiku, Manohar Singh akiwa sultani. Magofu yakawa mhusika. Mwaka 2012 Bhanu Bharti naye aliupeleka katika magofu ya Feroz Shah Kotla, ngome iliyojengwa na Firuz Shah, binamu na mrithi wa Tughlaq mwenyewe.

Yanayompasa mwelekezi

Anayetaka kuupandisha mchezo huu, hata kwa kikundi kidogo cha mtaa, ayatazame haya.

*Jukwaa la tabaka mbili.* Karnad aliufuata mpango wa zamani wa michezo ya Waparsi wa India. Maonyesho ya mtaani, yenye vichekesho, yalichezwa mbele, karibu na watazamaji, pazia likiwa limeshushwa. Nyuma yake kasri likapangwa kwa ajili ya onyesho kubwa linalofuata. Mpango huu huokoa wakati na gharama, na pia una maana: raia wako karibu nasi, mtawala yuko mbali. Kadiri mchezo unavyosonga mbele, mpaka huo huvunjika, hadi dobi anapoingia kasrini kabisa.

*Aziz asifanywe mpumbavu.* Kosa jepesi ni kumpa nafasi hii mchekeshaji wa kikundi, akapiga kelele na kurukaruka. Aziz huchekesha kwa sababu ana akili kuliko wote walio jukwaani. Katika onyesho la mwisho lazima aweze kusimama uso kwa uso na sultani, na mtazamaji aone watu wawili wa kimo kimoja.

*Sultani asianze akiwa mwendawazimu.* Akinguruma katika onyesho la kwanza, hana pa kwenda katika la kumi. Aanze kijana, mwenye haiba, anayependeza. Watazamaji wampende, na baadaye waone haya kwa kumpenda.

*Mavazi ya Sheikh.* Mfanano wa Sheikh Imam-ud-din na sultani ndio unaoendesha mauaji yake. Si lazima wafanane sura. Kilemba, joho na mwendo vyatosha. Lakini mtazamaji auone mfanano huo mapema, kabla haujatumiwa.

*Vitu vya mkononi.* Sataranji, sarafu za shaba, kisu. Vichache, lakini vionekane. Sarafu hasa: zije kidogo, kisha gunia, kisha mlundo. Katika mchezo zinamwagwa katika bustani ya mawaridi ambayo sultani alikuwa ameipanda kwa mapenzi. Magunia machache na mlio wa chuma gizani vyafanya kazi ya mikokoteni 500.

Sala na adhana

Hili ndilo litakalozua maneno kwetu, na ni bora lizungumzwe kabla ya mazoezi kuanza. Mchezo una watu wanaosali jukwaani, silaha zilizofichwa wakati wa sala, na adhana inayomfunga mchezo. Mwandishi hakuwa Mwislamu. Mtu aweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, iwapo dini yafanywa kichekesho.

Ukiusoma kwa makini utaona kuwa anayehukumiwa ni mtu anayeifanya sala chombo cha utawala: kwanza kwa kuilazimisha, kisha kuikataza, kisha kuirudisha kwa sherehe ya khalifa bandia. Sala yenyewe hubaki safi kuliko wote wanaoitumia. Sheikh Imam-ud-din, msemaji wa dini asiyeogopa, ndiye mtu mnyofu kabisa katika mchezo, na anauawa kwa hila.

Hata hivyo, ukweli huo hautoshi ikiwa onyesho litafanywa kwa ubaridi. Kuna njia za heshima. Sala yaweza kuonyeshwa kwa safu ya watu walioipa hadhira mgongo, bila kusoma aya, mwanga ukiwa hafifu, na shambulio likaanza kabla ya rukuu. Adhana yaweza kusikika kwa mbali, kwa sauti ya mwadhini wa kweli iliyorekodiwa, wala isichanganywe na ngoma au vicheko. Onyesho lisipangwe karibu na magharibi ili adhana ya jukwaani isigongane na ya msikitini. Na wazee na walimu wa mtaa waalikwe kwenye mazoezi, si siku ya mwisho tu. Mtu aliyeulizwa mapema huwa mshauri. Aliyeshtukizwa huwa mshtaki.

Je, sultani amesingiziwa?

Baadhi ya mambo ni historia, mengine ni sanaa, na mtazamaji ana haki ya kujua tofauti. Barani ni mtu wa kweli: Ziauddin Barani alikuwa mwandani wa sultani kwa miaka 17, na aliandika historia ya masultani wa Delhi baada ya bwana wake kufa. Ain-ul-Mulk, gavana wa Avadh, aliasi kweli na akasamehewa. Kisa cha kesi kina asili yake kwa Ibn Battuta, anayesimulia jinsi mkuu mmoja wa Kihindu alivyomshtaki sultani, naye akaenda kwa kadhi kwa miguu, bila silaha. Mwana wa ukoo wa Abbas alifika Delhi kweli, wala hakuuawa njiani. Alipokewa kwa heshima kubwa, na Ibn Battuta alimkumbuka zaidi kwa ubahili wake.

Aziz na Aazam ni wa Karnad. Kuhusu kuhama, wanahistoria wa leo hawasadiki kuwa Delhi ilibaki tupu kabisa. Ibn Battuta alifika miaka kadhaa baada ya tukio, na baadhi ya visa vyake vya kutisha ni vya kusikia. Pia tukumbuke kuwa waandishi wa siku zile, Barani akiwemo, walikuwa na sababu zao za kumlaumu sultani aliyewapa vyeo watu wa nasaba za chini. Kwa hiyo katika karatasi ya maelezo wanayopewa watazamaji mlangoni, aya moja ya kutenganisha historia na ubunifu yafaa sana. Haipunguzi utamu wa mchezo, na yamlinda marehemu na uzushi.

Kwetu pwani

Mchezo huu wahitaji ngome, usiku, na hadhira inayojua maana ya adhana, sultani na kadhi bila kufafanuliwa. Vyote hivyo tunavyo. Ua wa Fort Jesus, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 16, una kuta ambazo hakuna seremala atakayeziiga. Atakayetaka kuufasiri kwa Kiswahili ajue kwanza kuwa ni kazi yenye mwenyewe, na idhini ya wenye haki yahitajika kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Mfasiri asitafute maneno mbali: dobi, waziri, amiri, hazina, fitina na dhulma ni maneno yetu sote, sisi na watu wa Delhi, kwa sababu bahari ni moja.

Na faida kubwa huenda ikawa nyengine kabisa. Tumewaimba masultani wetu na mashujaa wetu kwa karne nyingi, aghalabu kwa sifa. Kilwa, Pate, Mombasa na Malindi zote zilikuwa na watawala waliotaka makuu, wakakosea, na raia wakalipa. Kijana atakayejifunza kwa Karnad jinsi ya kumpenda mtawala na kumhukumu katika mchezo mmoja, bila kumfanya malaika wala shetani, atakuwa amepata chombo cha kuandikia visa hivyo. Ibn Battuta aliwaona masultani wakarimu wawili ndani ya miaka mitatu. Wa Delhi amepata mwandishi wake. Abu al-Mawahib wa Kilwa bado angoja.